Treni za asubuhi na jioni kati ya Morogoro, Kilosa, Dodoma na Manyoni: je, zinawezekana?

Mkazi wa Ihumwa

Shikamooni wazee, na habari za jioni wenzangu. Naomba tujadili jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Ninafanya kazi katika Mji wa Serikali Mtumba na ninaishi Ihumwa, lakini mke wangu ni mwalimu Kilosa. Mimi ni mmoja wa watumishi wengi ambao Serikali ilipohamia Dodoma walihama peke yao, familia zikabaki njiani: wengine Morogoro, wengine Mpwapwa, wengine Manyoni.

Swali langu halihusu Dar es Salaam, kwa sababu msafiri wa Dar es Salaam amekwisha kufikiriwa, na kwa kweli amefikiriwa vizuri. Ninamfikiria mtu wa katikati. Kati ya Morogoro na Makutupora zipo stesheni za Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, Dodoma na Bahi, na reli imeshapita mlangoni mwao. Hata hivyo mtu wa Gulwe anayetaka kuwa kazini au hospitalini Dodoma kabla ya saa mbili asubuhi, kisha alale kwake usiku huohuo, anahitaji treni iliyolala upande wake wa njia na kuondoka alfajiri. Treni inayotoka Dar es Salaam alfajiri, hata iwe na kasi ya namna gani, itamfikia wakati foleni ya hospitali imeshakuwa ndefu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma pekee, na zaidi ya milioni tatu katika mkoa mzima. Nimeona mwenyewe jinsi watu wanavyogombania usafiri wa barabarani Ijumaa jioni na Jumatatu alfajiri. Nauliza mambo mawili kwa wanaofahamu. Kwanza, je, reli ya njia moja inaweza kubeba treni za masafa mafupi pamoja na treni za haraka na za mizigo bila kuvuruga ratiba? Pili, tungeanzia wapi ili jambo hili lisife kabla ya kukomaa?

Mstaafu wa Reli

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya uendeshaji katika Reli ya Kati kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa nikiwa stesheni masta wa vituo vidogo kati ya Kilosa na Dodoma, kwa hiyo swali lako la kwanza nitalijibu kwa kirefu na la pili nitawaachia wengine.

Kipande cha reli mpya kutoka Morogoro hadi Makutupora kina urefu wa kilomita 422. Kati ya hizo, 336 ni njia kuu, na 86 zilizobaki ni njia za kupishania na za ndani ya stesheni. Watu husikia neno "njia moja" wakadhani kwamba treni mbili haziwezi kuwa njiani kwa wakati mmoja. Zinaweza, na tumefanya hivyo tangu enzi za reli ya Wajerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910. Kinachotakiwa ni kwamba treni zinazokabiliana zikutane penye njia ya kupishania, na kwamba ile iliyowahi iingie pembeni isubiri. Zamani tulipeana kibali cha njia kwa simu kati ya stesheni na stesheni, na stesheni masta hakuruhusu treni iondoke mpaka mwenzake wa mbele amthibitishie kwamba njia ni nyeupe. Katika reli mpya kazi hiyo inafanywa na mitambo ya ishara na mawasiliano kutoka kituo kimoja cha uongozaji, jambo linalopunguza muda wa kusubiriana.

Kinachokula nafasi ya njia ni tofauti ya mwendo. Treni za mwendo mmoja hufuatana kama ng'ombe waendao mnadani. Lakini ukiweka treni ya kilomita 160 kwa saa, ukaweka ya mizigo isiyozidi 120, halafu ukaongeza ya tatu inayosimama kila kituo, ile ya haraka itaikuta ya polepole mbele yake, na itabidi moja iingizwe pembeni. Kila inapotokea hivyo unapoteza dakika za kupunguza mwendo, za kusimama na za kuchanganya tena. Ndiyo maana treni ya vituo vingi inafaa iwe ya aina ya mchongoko, ambayo mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa na hivyo huwahi kushika kasi kuliko mabehewa yanayovutwa na kichwa kimoja. Treni ya namna hiyo ikisimama dakika mbili Igandu haitamchelewesha sana mwenzake aliye nyuma.

Nina wazo ambalo huenda vijana hawatalipenda: tusiisahau reli ya zamani ya mita moja. Njia hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, karibu kilomita 970, ilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ina vituo ambavyo reli mpya inavipita tu bila kusimama: Ihumwa kwako wewe, Kikombo, Msagali, Godegode, na upande wa magharibi Kigwe, Kintinku na Saranda. Treni ndogo ya mabehewa matatu au manne ingewafaa watu wa vituo hivyo bila kuigusa kabisa ratiba ya reli ya umeme.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu. Kati ya Kilosa na Gulwe reli ya zamani imelala bondeni, ubavuni mwa mto Mkondoa, na mto ule hauna adabu. Mvua kubwa za 1997 na 1998 ziliichukua njia, na mwishoni mwa 2009 hadi 2010 ikachukuliwa tena, tukakaa miezi tukiangalia reli zikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Reli mpya ilipandishwa juu na kutobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo ninapotetea reli ya zamani ninaitetea kuanzia Gulwe kuja Dodoma na kuendelea magharibi, si bondeni kule.

Na jambo la mwisho. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila breki na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wapo miongoni mwetu tuliokwenda pale asubuhi ile, na sitaandika tuliyoyaona. Nasema tu kwamba yeyote atakayeongeza idadi ya treni katika mlima ule aanze na ukaguzi wa breki kabla ya kuchapisha ratiba.

Mama Mchele, Bahi

Pole sana baba yetu kwa hayo uliyoyashuhudia, na asante kwa maelezo, kwa kuwa sasa nimeelewa kwa nini treni husimama mahali ambapo hapana abiria.

Mimi ninanunua mchele hapa Bahi na kuuza Dodoma mjini, hasa Soko la Ndugai na Majengo. Naomba suala la nauli na la mzigo yasipitwe harakaharaka, kwani hayo ndiyo yatakayoamua kama treni hiyo itakuwa yetu au ya watu wa ofisini peke yao. Nauli za daraja la kawaida zilipotangazwa mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000, na hadi Bahi 35,000. Tofauti hiyo ya 4,000 nimeichukua kama kipimo cha safari moja ya Bahi na Dodoma. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwezi si nyingi. Lakini mtumishi anayekwenda na kurudi siku ishirini na mbili ana safari arobaini na nne, yaani shilingi 176,000 kwa mwezi, na hapo hajapanda bodaboda kutoka nyumbani hadi stesheni wala daladala kutoka stesheni hadi kazini. Mwalimu wa shule ya msingi ataanzaje kuzitoa fedha hizo?

Ninachoomba ni tiketi ya mwezi ambayo bei yake ni ndogo kuliko kununua tiketi moja moja, pamoja na tiketi ya wanafunzi. Tukiambiwa kwamba hasara itakuwa kubwa, tukumbuke kwamba treni inayokwenda na viti vitupu inatumia umeme karibu uleule na treni iliyojaa.

Kuhusu mzigo, mfanyabiashara wa mazao hasafiri mikono mitupu. Nikibeba debe mbili za mchele, ndoo ya samaki wa bwawani na mtoto mgongoni, siwezi kupita kwenye mlango uliotengenezwa kwa mtu mwenye begi la kompyuta. Behewa moja la mwisho lenye viti vya pembeni na nafasi tupu katikati lingetosha kabisa, mzigo ukapimwa na kulipiwa kwa kilo. Treni za zamani zilituzoesha kununua na kuuza dirishani, na ninaelewa kwamba katika treni ya umeme hilo haliwezekani tena, lakini wapo kina mama ambao maisha yao yote yalikuwa kwenye dirisha lile. Wapewe vibanda nje ya stesheni, mahali ambapo abiria lazima apite.

Tena treni ya jioni isitufikishe usiku wa manane. Kutoka stesheni hadi vijijini hakuna taa, na mwanamke mwenye fedha za mauzo mfukoni hana budi kufika jua halijazama au mara tu baada ya hapo.

Mpangamiji

Nimesoma michango yote kwa makini, na ninaanza na swali la pili la mwuliza swali, yaani tuanzie wapi. Maoni yangu ni kwamba tusianzie Morogoro. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni karibu kilomita 250 kwa reli, na mtu hawezi kuzisafiri kila siku kwenda na kurudi akabaki na nguvu za kufanya kazi. Huyo ni msafiri wa wiki, anayehitaji treni moja nzuri ya Ijumaa jioni na nyingine ya Jumatatu alfajiri. Msafiri wa kila siku yuko ndani ya kilomita sitini kutoka katikati ya jiji, na kwa bahati njema Bahi upande wa magharibi na Igandu upande wa mashariki ziko katika umbali huo.

Tufanye hesabu ndogo. Bahi hadi Igandu ni kama kilomita 115. Tukichukua mwendo wa wastani wa kilomita 80 kwa saa pamoja na kusimama vituoni, safari itachukua takribani dakika 86. Tukiongeza dakika 19 za dereva kuhama upande, kusafisha na kufidia ucheleweshaji, treni moja itahitaji dakika 105 kwa kila upande, sawa na dakika 210 kwa mzunguko mzima. Kwa hiyo treni mbili tu, moja ikilala Bahi na nyingine Igandu, zinatoa huduma kila baada ya saa moja na dakika arobaini na tano katika pande zote mbili, na zote zinaingia Dodoma asubuhi kutoka pande mbili tofauti. Kwa treni nne muda huo unapungua hadi chini ya saa moja. Hesabu hii haijaingiza kusubiriana kwenye njia za kupishania alikokueleza Mzee, na bila shaka itavimba kidogo, lakini inaonyesha kwamba hatuzungumzii treni ishirini.

Ninatofautiana na Mzee katika jambo moja. Kuweka treni ya watumishi kwenye reli ya zamani kati ya Gulwe na Dodoma kutaligawa kundi dogo la abiria katika stesheni mbili tofauti, na huduma zote mbili zitakuwa dhaifu. Ningependelea kituo kidogo kimoja kiongezwe kwenye reli ya umeme hapo Ihumwa, kwa ajili ya Mtumba. Senegal walikuwa na tatizo linalofanana na letu: mji mpya wa Diamniadio, wenye ofisi za Serikali, ulijengwa nje ya Dakar, na barabara ikazidiwa. Mwishoni mwa Desemba 2021 walifungua treni ya umeme ya kilomita 36 kutoka katikati ya Dakar hadi Diamniadio, yenye kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa kama ya kwetu, lakini yenye vituo vingi njiani. Kasi ni ileile, na kilichowafaa wafanyakazi ni ukaribu wa vituo. Afrika Kusini nako, Gautrain inayounganisha Johannesburg na Pretoria ilianzishwa pamoja na mabasi yake yenyewe yanayosubiri abiria stesheni. Hili la mabasi nalitilia mkazo, maana stesheni isiyo na daladala iliyopangwa kufuatana na treni humlazimisha abiria kurudi kwenye basi linalompitia barabarani.

Nyumbani pia tuna funzo. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kupata treni ya mjini, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Moja ilitumia reli ya kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ikatumia reli ya TAZARA. Mabehewa yalikuwa ya zamani yaliyofanyiwa ukarabati, na njia ilikuwa ileile iliyokuwapo, lakini watu walijaa kwa sababu treni ilikuwapo saa za kwenda kazini na saa za kutoka. Ratiba ya saa zinazofaa iliweza kufanya kazi ambayo majengo mapya peke yake hayaiwezi.

Halmashauri nazo ziwahi. Ardhi inayozunguka stesheni za Bahi na Igandu bado ni mashamba na mapori ya miiba. Kama haitapimwa sasa kwa ajili ya stendi ya daladala, soko na nyumba za watu wa kipato cha kawaida, itanunuliwa vipande vipande, na baadaye fidia itaizidi gharama ya treni yenyewe.

Mkulima wa Kibaigwa

Ninaunga mkono hoja, ila mkumbuke kwamba reli haipiti kwetu. Barabara kuu ya Morogoro na Dodoma inapita Dumila, Gairo na Kibaigwa, na reli imezunguka Kilosa na Gulwe. Wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, wilaya ya Kongwa iliwahi kuwa na tawi la reli kutoka Msagali hadi Hogoro, likang'olewa mpango uliposhindwa. Msiseme kwamba treni itaondoa msongamano wa barabara yote, kwa kuwa malori ya mahindi na abiria wa Gairo watabaki palepale. Tunachoweza kunufaika nacho ni basi la uhakika kutoka Kongwa na Mpwapwa kwenda Gulwe, likiwa na muda uliolingana na treni.

Mnyaturu wa Manyoni

Niongeze la magharibi. Kwanza niwaondolee wageni utata: Makutupora inayotajwa katika reli hii iko wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Siyo ile Makutupora ya visima vya maji na zabibu iliyo kaskazini mwa Jiji la Dodoma, njia ya kwenda Arusha. Nimeshakutana na mtu aliyepotea kwa sababu ya majina hayo.

Pili, kutoka Manyoni hadi Singida mjini lipo tawi la reli ya mita moja lenye urefu wa kilomita 115, ambalo limekaa miaka mingi bila treni ya abiria ya kila siku. Hapo ndipo ninapokubaliana na Mzee kuhusu reli ya zamani. Treni nyepesi ikitoka Singida alfajiri na kumfikisha abiria mahali atakapoivuka njia tu na kupanda treni ya umeme, wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wangepata njia ya pili. Upana wa reli hizi mbili ni tofauti, milimita 1,000 kwa 1,435, kwa hiyo behewa haliwezi kuhama. Abiria ndiye atakayehama, na jukwaa la kubadilishia lazima liwe na kivuli, maji na vyoo. Upepo wa Manyoni wa mwezi Julai mnaujua.

Mkazi wa Ihumwa

Nawashukuru nyote, na Mama Mchele umenigusa, kwani nilikuwa nimelifikiria begi langu bila kuufikiria mzigo wako. Ninakubali kwamba Morogoro na Kilosa tuombe treni ya Ijumaa na Jumatatu, na kwamba treni ya kila siku ianzie Bahi hadi Igandu, ikiwa na kituo Ihumwa. Nitaandika barua ya maoni kwa mamlaka husika nikieleza hivyo. Mzee, limebaki swali moja: ukipewa treni moja tu ya majaribio, ungeilaza wapi usiku?

Mstaafu wa Reli

Igandu, mwanangu. Upande wa mashariki ndiko ziliko Ihumwa na Kikombo, kwa hiyo treni inayotoka Igandu alfajiri inawapitia watumishi wa Mtumba ikielekea mjini, na ikigeuka Dodoma inawachukua wale wanaokaa mjini na kufanya kazi Mtumba. Inafanya kazi mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Ikilala Bahi, itafika mjini imejaa na kurudi tupu. Na kuhusu kituo cha Ihumwa nimekubaliana na Mpangamiji, mradi kiwekewe njia ya pembeni ili treni ya haraka isisubiri nyuma.

Katika barua yako weka pia idadi ya watu. Simama na wenzako wawili barabarani hapo Ihumwa Jumatatu nne mfululizo, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili, mhesabu kila kosta na kila daladala na walioketi ndani yake. Mhesabu na wanaoshuka Mtumba.